Shahada Niliyomnyima Dada Yangu

Mpendwa mdogo wangu Zaina,

Usishangae kuona jina hilo kwa mwandiko wangu. Miaka yote uliyoishi nalo sikuwahi kuliandika wala kulitamka. Kwangu ulibaki Vero, kama mama alivyokuita, na barua nilizokutumia Kabambare kwa mikono ya watu wa pikipiki zilikuwa na Veronika juu ya bahasha, hata aliyezibeba akalazimika kuuliza mtaa mzima. Wewe ulicheka tu. Siku moja ulinijibu, ukiniita Yaya kama kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake: "Yaya, barua yako imezunguka mpaka kwa masista, na mimi niko nyumba ya pili toka barabarani. Andika Zaina, itafika mbio." Sikuandika. Leo naandika, na hakuna tena mtaa wa kuipeleka.

Nimezeeka vibaya, mdogo wangu. Miguu imevimba hadi magotini, na nikitoka kitandani kwenda barazani lazima nipumzike katikati ya chumba, nikishika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea. Daktari ni kijana niliyemfundisha darasa la tatu. Aliniambia kwa adabu nyingi kwamba moyo umechoka. Nilimuuliza utachoka mpaka lini, akaangalia viatu vyake. Basi naandika asubuhi, mistari michache kila siku, mkono ukiwa bado unanitii. Barua hii siifungi. Watoto wako na wangu waisome, na jumuiya ya hapa parokiani iisome pia, kwa sababu wao ndio walionisifu kwa jambo ninalotaka kukuungamia.

Acha nianze mbali kidogo. Nina woga wa kufika.

Nilikuwa na miaka minane ulipozaliwa. Baba alikuwa katekista na mkulima wa mpunga, na mama alipoinama shambani mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kufukuza ndege. Herufi zako za kwanza nilikuchorea mchangani. Baba Yetu pia nilikufundisha mimi, neno kwa neno, kwa Kiswahili cha misheni, wakati nyumbani tulikuwa tukisema Kizimba. Ulikuwa mwanafunzi msumbufu. Tulipofika kwenye mkate wa kila siku ulisimama ukauliza: "Mkate ni nini?" Sikuwa nimewahi kuuona. Nikasema ni bugali ya wazungu. Ukasema basi tuombe bugali yetu na samaki juu yake, kwa nini tumsumbue Mungu na chakula cha watu wengine? Baba alikusikia, akageuka upande asionekane akicheka.

Na nyumba ya pili ilikuwa ya Waislamu, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Kasongo. Watoto wao walijua nyimbo zetu za Noeli na sisi tulijua adhana. Unakumbuka tulivyokuwa tukicheza mazishi nyuma ya ghala la mpunga? Zamu moja maiti alizikwa Kikristo, zamu nyingine Kiislamu, na wewe ulipenda kuwa maiti ingawa hukuweza kunyamaza. Mtoto wa jirani alipokuinamia akisema Shahada sikioni mwako, ulianza kutikisika kwa kicheko. "Maiti, tulia!" alikukaripia. "Anasema ndani ya sikio, inanichekesha!" ukajibu. Maneno yale tuliyashika sote. Hatukuyashika kama imani. Tuliyashika kama mtu anavyojua njia ya kwenda kwa jirani yake. Nakukumbusha hili ili asitokee mtu wa kunitetea akisema mzee hakuyajua.

Halafu Selemani akaja. Alikuwa kijana wa Kabambare, mnunuzi wa mchele, mpole, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba watu walimsogelea ili wamsikie. Alipokuomba, baba alisema hapana, kisha akasema hapana tena, na wewe ukaondoka naye. Miezi michache baadaye tukasikia kwamba umeingia dini yao na umepewa jina. Mama hakula siku mbili. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, najua kusema, ndiyo maana nikatumwa kukurudisha.

Nilifika kwa kinga, baiskeli ya shule, siku mbili njiani, vumbi mpaka ndani ya masikio. Nilikukuta unatwanga mpunga, kitambaa kichwani. Hukuacha mchi. "Yaya," ukasema, "umekuja kunisalimia ao kunichukua? Kama ni kunisalimia, ingia, kuna wali. Kama ni kunichukua, kunywa maji kwanza, maana njia ni ndefu na utarudi peke yako."

Niliingia. Nikala wali. Selemani alininawisha mikono yeye mwenyewe, akaniita Mwalimu, na jina hilo hakuliacha hata siku moja. Nilirudi nikamwambia mama kwamba una afya na kwamba nyumba yako ni safi. Nilidhani huo ndio mwisho wa kazi niliyotumwa. Lakini mama hakusahau. Alipokuwa anakufa, miaka mingi baadaye, alinikamata shati akasema: "Usimwache Vero apotee." Nikaahidi. Kuahidi ni rahisi mbele ya mtu anayekufa.

Miaka ya katikati tulikuwa na furaha, na sitaki barua hii iseme vingine. Kila Noeli mlikuja kwangu, na kila Idi watoto wangu waligombania kupanda lori la kwenda kwenu. Kwa ajili yenu kuku wa Noeli alichinjwa na Selemani kwa mkono wake, ili sote tule chungu kimoja. Mwaka mmoja Selemani alikuwa na homa, akabaki Kabambare, na mimi kwa haraka zangu nikachinja mwenyewe. Ukakaa mezani ukaangalia sahani.

"Nani amechinja?"

"Mimi."

"Kwa jina la nani?"

"La Yesu, nani mwingine?"

"Ah, Yaya! Huyu kuku amekufa mupagani. Nileteeni sombe."

Tulicheka mpaka mke wangu akamwaga mchuzi. Ulikula bugali kwa sombe, majani ya muhogo matupu, siku ile ya Noeli, ukiwa na furaha kuliko mtu yeyote mezani. Nilikuangalia nikaona kwamba imani yako haikuwa vazi ulilolivaa kwa ajili ya mume. Niliona, Zaina. Sikutaka kujua nilichokiona.

Nikaona tena siku ya Amisi, mtoto wako wa kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu kama vijana wote, na mvua ikaangusha shimo akiwa ndani. Walimtoa siku ya pili. Nilipofika Kabambare alikuwa ameshazikwa, kwa desturi yenu ya kutokawiza maiti. Nilikukuta umekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, tasbihi mkononi, macho makavu. Nilijiandaa kukufariji kwa maneno ya Injili, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Wewe ndiye uliyenishika mkono.

"Yaya, hawa watu wamenibeba," ukaniambia. "Walipokuwa wanamsomea, nilikuwa nasikia toka ndani. Moyo yangu ilitulia. Mimi siku yangu ikifika nataka kwenda na maneno ile ile walimusemea Amisi. Ili nikifika, mutoto anijue."

Nilisema ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nakubali kama mtu anavyokubaliana na mfiwa.

Sasa nimefika pale nilipoogopa.

Uliletwa kwangu tumbo likiwa limejaa maji, mashavu yameingia ndani. Selemani alikuleta, akarudi kuvuna mpunga uliokuwa unaoza shambani, akisema atakuja baada ya wiki moja. Hospitali walikaa nawe siku kumi, kisha wakasema nikupeleke nyumbani, na mimi nilielewa. Nikatuma habari Kabambare. Lakini wiki ile watu wenye bunduki walikuwa wamekaa barabarani na hakuna pikipiki iliyokubali kupita. Mwavita, binti yako wa mwisho, alikuwa na mtoto wa siku chache. Basi ulikuwa na mimi tu.

Ilikuwa saa tisa mchana, mvua inanyesha. Mke wangu alikuwa jikoni. Ulifungua macho ukaniambia kwa sauti ya chini: "Yaya, uniitie Mama Hadija."

Mama Hadija ndiye jirani yetu mwislamu, mzee wa wanawake wa msikiti. Ukimwita kutoka barazani kwangu aliitika akiwa kwake, bila mtu kupaza sauti. Nikakujibu: "Mvua ni nyingi, Vero. Tungoje ipungue."

Uliniangalia. Ulijua ni hatua ngapi.

"Basi wewe," ukasema. "Wewe unajua. Sema Shahada, mimi nitafuata. Ulimi yangu imekuwa nzito, siwezi kuanza."

Nimeandika vitabu vya mahubiri ya Jumapili, nimefundisha maelfu ya watoto kusoma, na maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu kidogo namna ile. Maneno machache tu. Niliyajua tangu utotoni. Yangetoka kwangu na kuingia kwako, nisingepungukiwa na chochote. Badala yake nilimwona mama amenikamata shati. Niliona pia jambo lingine ambalo nimelificha hata katika sala: niliona watu wa parokia, wale waliokuwa wakinong'ona kwamba mwalimu anaongoa watu wa mbali na dada yake mwenyewe anafunga mfungo wa Waislamu. Ni vyote viwili. Sijui kipi kilikuwa kizito zaidi.

Nikakushika mkono nikaanza: "Baba yetu uliye mbinguni."

Ulinyamaza. Nikarudia. Uliniangalia macho wazi, bila hasira, kama ulivyokuwa ukiniangalia zamani nikikukosea katika mchezo na wewe umeamua kuniachia. Kisha ukafuata. Ulifuata kwa midomo, neno kwa neno, nyuma yangu, jina litukuzwe, ufalme ufike, mapenzi yafanyike. Tukafika kwenye mkate wetu wa kila siku. Ukaacha. Nilisema sentensi inayofuata peke yangu, ile ya kusamehewa makosa na ya kuwasamehe waliotukosea. Midomo yako haikutikisika. Nikaisema mara ya pili. Mvua ilikuwa bado inanyesha ulipokata roho, na Mama Hadija alikuwa kwake, amekaa, hana kazi.

Jioni ile wanawake wa msikiti walikuja na sanda na kafuri, nguo zao zimelowa. Nilisimama mlangoni. Mama Hadija alikuwa mbele.

"Mwalimu, pole. Tumekuja kumwosha ndugu yetu."

"Asante, Mama. Dada yangu amerudi kwa wazazi wake. Amekufa na Baba Yetu mdomoni."

"Ni yeye mwenyewe aliomba?"

"Ni yeye."

"Wewe ulimusikia?"

"Mimi nilimsikia."

Alikuwa ananifahamu toka tukiwa watoto, yeye ni mmoja wa wale waliocheza nasi nyuma ya ghala. "Basi Mungu anajua," akasema, akakunja sanda yake vizuri, akaiweka kwapani, wakaondoka kwa mstari mmoja mvuani.

Tulikuzika karibu na mama, chini ya msalaba, kwa jina la Veronika. Kanisa lilijaa. Watu walinipa mkono kama mtu aliyepata mtoto. Mmoja alisema: "Mwalimu, umevuna." Nilitabasamu.

Siku ya tatu Selemani akafika, amezunguka porini kwa miguu na Mwavita nyuma yake, kitoto mgongoni. Alikuta kaburi limefunikwa. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti changu, akanywa chai niliyompa, miguu yake ina majeraha. Kisha akauliza kwa ile sauti yake ndogo:

"Mwalimu, mwisho alisema nini?"

"Alisema Baba Yetu."

"Alisema mwenyewe? Hakuna mutu alimulazimisha?"

"Hakuna."

"Na mimi? Hakunitaja?"

Nikasema: "Alimtaja Mungu tu."

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Baadaye akasema, si kwangu, ni kama alikuwa akikiambia kikombe: "Miaka yote ile. Kumbe alikuwa ananivumilia."

Hapo, Zaina. Nafasi yangu ilikuwa hapo. Ilikuwa kubwa kama mlango wa kanisa. Ningesema: hapana, shemeji, alitaka ya kwenu, alitaka kufika kwa Amisi, mimi ndiye niliyemzuia. Baraza ilikuwa imejaa watu wa jumuiya, wanasikiliza, na mimi nikamwongezea sukari kwenye chai.

Huu ni mwaka wa tisa. Mwavita aliniambia siku za nyuma kwamba baba yake aliwauliza wazee wa dini yake kama anaweza kuendelea kukuombea dua, nao wakamjibu kwamba aliyetoka ametoka. Akatii. Akawa anamwombea Amisi, na akifika kwako anaruka. Anaruka, Mwavita alisema, lakini anakaa kidogo pale pa jina lako kabla hajaendelea. Basi huku kwangu unaombewa kwa jina ambalo hukulitaka, na kule kwako huombewi kabisa. Hii ndiyo kazi niliyoifanya mchana mmoja wa mvua.

Usidhani sikujaribu. Nilikwenda kuungama. Padri wetu ni kijana mwema, nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza, kisha akaniambia nisijitese. "Mzee, ulimpa dada yako sala ya Bwana wakati wa kufa. Tangu lini hiyo ni dhambi?" Nikamwambia, Padri, nilimdanganya mume wake. Akasema huo ni uongo mdogo uliosemwa kwa ajili ya jambo kubwa. Akanipa makumi mawili ya rozari. Niliyasali yote, nikarudi nyumbani na mzigo wangu ukiwa mzima. Nifanye nini na dhambi ambayo mwenye funguo za kuifungua hataki kuiona? Nilitamani anikemee. Nilitamani hata anifukuze.

Ndipo nikaona kwamba aliyebaki ni Selemani peke yake. Safari siwezi tena, hata ya kufika chooni naifanya kwa kuegemea mkwe wangu. Nikamtumia Mwavita ujumbe kwamba nataka kuongea na baba yake kwa telefoni. Pale kwenu rezo, mtandao wa simu, haishiki mpaka mtu apande kilima, na Selemani sasa ni mzee wa kubebwa. Watoto wako walimpandisha kwa pikipiki, mmoja akiendesha, mwingine nyuma akimshika kiuno. Hiyo ilikuwa mwezi uliopita, asubuhi. Nilikuwa nimevaa shati langu la Jumapili ingawa hakuna aliyeniona.

"Mwalimu!" Sauti yake ni ileile. "Mwalimu, muko aje?"

"Niko, shemeji. Mwili umeharibika, lakini niko."

"Pole, pole sana. Na mutu wangu?"

"Nani?"

"Mama Amisi. Anaendelea aje? Munganga anasema nini?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Yeye akaendelea, amefurahi kunipata:

"Mumwambie mimi sina haraka. Apone kabisa. Mpunga tumevuna, iko ndani. Akipata nguvu mumupandishe pikipiki, lakini isiwe ya wale vijana wanaokimbiza, tumbo yake haiwezi. Amekula leo?"

Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi maneno ya kumwambia. Ilikuwa mbele yangu, mezani. Nilianza: "Selemani, kuna neno nataka kukuambia." Akasema: "Sema, ninasikia." Na nilisikia upepo wa kilima chenu, na watu wengine waliopanda kutafuta rezo wakipiga kelele zao za halo, halo, na yeye akingoja, mwenye furaha.

Nikasema: "Amekula, shemeji. Amekula vizuri."

Mwavita akachukua telefoni, akasogea pembeni. "Mjomba, mutusamehe. Baba iko hivi tangu mvua iliyopita. Siku ingine anajua, siku ingine hajui. Zile anajua zinapungua. Mulitaka kumwambia nini?"

Nikamwambia yeye. Nilimwambia yote, kuanzia Mama Hadija mpaka sukari ya chai. Sikupumzika, niliogopa vitengo vya telefoni viishe.

"Halo? Mwavita?"

"Niko."

Kisha akauliza: "Alimaliza kusema Shahada?"

"Hakuanza. Sikumpa."

"Alikuomba, na haukumupa."

"Sikumpa."

Nilimsikia anamwambia ndugu yake kwa Kibangubangu ampeleke baba kivulini. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya chini, na haikuwa na hasira, laiti ingekuwa nayo.

"Mjomba, mimi nikimwambia Baba hii neno, lazima kwanza nimwambie kama Mama alikufa. Leo yeye anajua Mama iko kwako, anapona. Kila asubuhi anauliza kama pikipiki imefika. Munataka nimufishe Mama mara ya pili ili nyinyi mupumzike?"

"Sijui, binti yangu. Sijui."

"Basi mubaki nayo, Mjomba."

Halafu, kwa sababu ulimlea vizuri, akaniuliza kama nimekula, kama dawa ninazipata. Nikasema ndiyo. Akasema nisalimie nyumba. Rezo ikakatika, au yeye aliikata, sijui.

Tangu siku ile nimejiuliza ninataka nini. Msamaha wako siwezi kuupata, umenyamaza pale ulipochagua kunyamaza. Wa Selemani umefungwa ndani ya kichwa chake pamoja na kifo chako, na kukifungua kimoja ni kufungua vyote viwili. Padri anasema hakuna cha kusamehe. Nimesikia watu wazima wakisema kwamba mtu akisema ukweli moyo unakuwa mwepesi. Wangu haujawa. Mimi nimeusema ukweli kwa binti yako, na sasa yeye naye anaubeba, analala katika nyumba moja na mtu anayengoja pikipiki, na hawezi kumwambia. Nimemgawia. Hata kuungama kwangu kumemdhuru mtu.

Msalaba uko bado. Nilimuuliza Mwavita kwa ujumbe kama wanataka niung'oe, kabla sijafa, maana baada yangu watoto wangu hawatakubali. Hajajibu. Labda hakupanda kilima. Labda amepanda.

Siombi kwamba unisamehe, nimeona si halali kukuomba kitu tena. Naomba kitu kimoja tu kwa wanaosoma, wa kanisa na wa msikiti: Selemani atakapokufa, na asiwepo tena mtu wa kuumizwa, mwambieni shehe wake kwamba mke wake hakutoka. Mwambieni aliiomba Shahada, saa tisa, mvua ikinyesha, mbele ya shahidi mmoja, na shahidi huyo alikuwa mwongo. Sijui kama ushahidi wa mwongo unakubaliwa. Sina mwingine.

Mkono unakataa sasa. Kaa salama, mdogo wangu, huko uliko, kama wamekupokea. Mimi nakaa hapa na jambo hili kama Mwavita alivyoniambia, mpaka siku itakapokuwa haihitajiki tena kukaa nalo.

Kaka yako mkubwa, uliyemwamini akushike mkono